Kwa nini mashine ya CPAP huwashinda wengi wiki za kwanza, na namna ya kuizoea

Mtu anapoambiwa na daktari kwamba pumzi yake hukatika mara thelathini au arobaini kwa saa akiwa amelala, hupokea habari mbili kwa mpigo. Ya kwanza ni kwamba uchovu wake wa miaka mingi una jina. Ya pili ni kwamba tiba yake ni CPAP: mashine ndogo ya kupuliza hewa inayowekwa pembeni mwa kitanda, mpira wa kupitisha hewa na barakoa ya kuvaa usoni kila usiku, mpaka asubuhi. Habari ya kwanza huleta ahueni. Ya pili huwavunja moyo wengi, na mashine nyingi huishia uvunguni kabla hata miezi michache haijapita.

Nawaandikia watu hao, pamoja na wenza wanaolala pembeni yao na kuona wanavyohangaika. Kauli ya "nimeshindwa kuizoea" huficha ndani yake shida tano au sita ambazo hazifanani hata kidogo, na kila moja ina chanzo chake. Mtu asipozitenganisha, huvumilia kitu ambacho kingerekebishwa kwa dakika mbili, au huacha tiba kwa sababu ya kero ambayo ingeondoka yenyewe.

Kinachotokea kooni

Sehemu ya koo iliyo nyuma ya ulimi na kaakaa laini haina mfupa wala gegedu la kuishikilia ikae wazi. Kazi hiyo hufanywa na misuli, na mchana hatuitambui kabisa. Tukilala, misuli hulegea. Kwa mwenye njia pana hakuna neno. Kwa mwenye njia nyembamba, iwe kwa sababu ya unene shingoni, taya la chini lililorudi nyuma, tonsili kubwa au umbile tu alilozaliwa nalo, kuta za koo husogeleana. Zikisogeleana kidogo, hewa inayopita huzitikisa, na huko ndiko kukoroma. Zikikutana na hewa ikasimama kwa sekunde 10 au zaidi, wataalamu huita tukio hilo apnia.

Wakati huo kifua na tumbo vinaendelea kuvuta, lakini hakuna kinachoingia. Oksijeni kwenye damu inashuka. Ubongo unashtuka, unaiamsha misuli ya koo, mgonjwa anavuta pumzi kwa kishindo kama mtu aliyekuwa anakabwa, halafu anarudi usingizini. Asubuhi hakumbuki chochote. Anayekumbuka ni mwenzake, aliyelala akihesabu kimya kile na kusubiri pumzi irudi.

Kipimo cha usingizi huhesabu matukio hayo, pamoja na yale ambayo hewa hupungua bila kusimama kabisa, kisha hutoa wastani kwa saa. Kati ya 5 na 15 ugonjwa huhesabiwa kuwa mdogo, 15 hadi 30 ni wa wastani, 30 na kuendelea ni mkali. Watafiti waliochapisha makadirio yao mwaka 2019 walisema watu wazima wenye umri wa miaka 30 hadi 69 walio na tatizo hili kwa kiwango chochote duniani wanakaribia bilioni 1. Wengi wao hawajui. Ipo pia apnia ya aina nyingine, ambayo njia iko wazi lakini ubongo hautoi amri ya kupumua. Hiyo ina tiba yake, na siizungumzii hapa ila kwa kuigusa baadaye.

Mashine haikupumulii

Hadi mwishoni mwa miaka ya 1970, mgonjwa aliyezidiwa alitobolewa tundu shingoni ili hewa ipite chini ya sehemu inayoziba. Mwaka 1980, mjini Sydney, daktari Colin Sullivan alijaribu njia nyingine: kupuliza hewa ya kawaida puani kwa presha ndogo isiyokatika, ili hewa yenyewe iwe nguzo ya kuzishikilia kuta za koo. Matokeo ya wagonjwa watano wa kwanza yalichapishwa mwaka 1981 katika jarida la kitabibu la The Lancet. CPAP za leo ni ndogo na zina utulivu kuliko kile chombo cha mwanzo, lakini kanuni ni ileile.

Kanuni hiyo ndiyo ufunguo wa karibu kila kitu kitakachofuata. Mashine haikupumulii. Haikuongezei oksijeni. Inafungua njia tu, na kupumua unapumua mwenyewe. Presha yake huwa kati ya 4 na 20, ikipimwa kwa sentimita za maji, na presha ya 10 ni takriban asilimia 1 tu ya uzito wa hewa inayotuzunguka mchana na usiku. Usoni inasikika kama upepo mkali. Kwa mapafu ni msukumo mdogo sana.

Anayedhani mashine inampumulia hujaribu kufuata mwendo wake, na kwa kuwa mashine haina mwendo wowote, hujikuta anashindana na upepo. Nawashauri wanaoanza wakae kitini mchana, wawashe mashine, wavae barakoa na wapumue taratibu huku wanasikiliza redio au wanatazama runinga. Dakika kumi zinatosha mara ya kwanza. Kesho ziwe ishirini. Mwili ujifunze kwanza ukiwa macho, mahali ambapo hakuna shinikizo la "lazima nilale sasa hivi".

"Nakosa pumzi" ina maana tatu

Hili ndilo lalamiko ninaloliona limefahamika vibaya kuliko yote, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Mtu wa kwanza anasema anakosa pumzi mara tu anapowasha mashine na kujilaza. Wengi, pamoja na baadhi ya wauzaji, hudhani presha ni kubwa mno. Mara nyingi ni kinyume chake. Mashine nyingi zina mpangilio wa kuanza na presha ya chini, mara nyingi 4, kisha kupanda polepole kwa muda wa hadi dakika 45 wakati mtumiaji anatafuta usingizi. Nia yake ni njema. Lakini kwa presha ya 4, baadhi ya watu wazima, hasa wenye miili mikubwa, huona hewa haiwatoshi, na hewa waliyokwisha kuitoa haiondoki haraka kwenye barakoa kwa sababu upepo wa kuisukuma nje ni dhaifu. Mtu huyo akianzia kwenye 6 au 7 huweza kutulia hapohapo. Namba hizo hubadilishwa na kliniki au kwa maelekezo yao, kwa hiyo mgonjwa anachopaswa kufanya ni kusema wazi: "Nakosa hewa dakika za mwanzo, presha ikipanda naona nafuu." Sentensi hiyo moja humweleza mtaalamu karibu kila anachohitaji kujua.

Mtu wa pili anavuta hewa vizuri, shida yake ni kuitoa. Anaona kama kila pumzi anayoitoa anaisukuma dhidi ya ukuta. Kwa ajili yake mashine nyingi zina mpangilio wa kushusha presha kidogo kila anapotoa pumzi, wenye ngazi za 1 hadi 3. Asiposaidika, na hasa kama presha anayohitaji ni ya juu, ipo mashine ya aina nyingine yenye presha mbili, ya juu wakati wa kuvuta na ya chini wakati wa kutoa.

Mtu wa tatu hubanwa na pumzi kabla hata mashine haijawashwa, barakoa inapogusa uso tu. Hapo presha haina kosa. Ni hofu ya kufunikwa, na hofu haiondolewi kwa kukaza moyo. Huondolewa kwa hatua ndogondogo: kushika barakoa mkononi na kuiweka puani bila mikanda, kisha na mikanda bila mpira, kisha na mashine ikiwa imewashwa, kila hatua irudiwe hadi ichoshe kwa kuzoeleka. Barakoa ndogo zaidi, ile ya vijimto viwili vinavyokaa kwenye matundu ya pua na kuacha uso mzima wazi, huwasaidia sana watu wa aina hii.

Barakoa inayovuja

Kila barakoa ina matundu madogo ya makusudi ya kutolea hewa chafu. Upepo unaotoka pale ni wa lazima, na matundu hayo yasizibwe hata kama yanampulizia mwenzako shingoni. Uvujaji ambao ni tatizo ni ule wa pembeni, kwenye mto wa silikoni unaogusa ngozi.

Wengi wanaujua hivi: saa nane usiku, hewa baridi inapenya juu ya shavu na kupuliza moja kwa moja jichoni. Unaamka, unanyoosha mkono gizani, unakaza mkanda. Unatulia kidogo. Unageuka upande wa pili, inaanza tena, unakaza tena. Asubuhi jicho ni jekundu, uso una mistari, daraja la pua linauma, na barakoa bado inavuja.

Mto ule umetengenezwa ujae hewa na kujibandika wenyewe usoni. Ukikazwa sana, unakunjamana, na mahali palipokunjamana ndipo hewa inapotokea. Kwa hiyo tiba ya kuvuja mara nyingi ni kulegeza. Vaa barakoa ukiwa umelala kwa mkao unaolalia, maana nyama za uso hukaa tofauti mtu akiwa amejilaza na akiwa amekaa wima. Washa mashine ifike presha yake ya kawaida. Ivute barakoa mbele kidogo kutoka usoni, iache ijae, kisha irudishe ikae taratibu. Ndipo urekebishe mikanda, pande zote mbili kwa pamoja, kidogokidogo, na uishie pale uvujaji unapokoma. Jigeuze kushoto na kulia kabla ya kuzima taa. Osha uso kwanza, kwa kuwa mafuta ya ngozi na krimu za usiku huitelezesha silikoni. Ndevu nazo hufungua mianya, na wenye ndevu nyingi huelewana zaidi na vijimto vya puani.

Ikivuja hata baada ya hayo yote, saizi au umbo si lako. Usikubali kubaki na barakoa ya kwanza uliyopewa eti kwa sababu ndiyo iliyokuwapo. Kubadilisha barakoa mara mbili au tatu ni sehemu ya kawaida ya kuanza tiba, na mgonjwa anayedai kubadilishiwa anadai haki yake.

Pua, mdomo na tumbo

Anayetumia barakoa ya puani na kulala mdomo wazi hupoteza hewa yote mdomoni. Huamka ulimi umekauka kabisa. Jibu la haraka ni kumpa barakoa inayofunika pua na mdomo, na kwa baadhi ya watu ndilo jibu sahihi. Lakini swali la kwanza liwe: kwa nini mdomo unafunguka? Mara nyingi ni kwa sababu pua imeziba kwa mzio au mafua yasiyoisha. Pua ikitibiwa, kwa maji ya chumvi ya kusafishia au dawa ya kupuliza atakayoiandika daktari, mdomo huweza kujifunga wenyewe. Mwongozo wa chama cha madaktari wa usingizi wa Marekani wa mwaka 2019 unapendekeza kuanza na barakoa za puani kuliko zile zinazofunika mdomo, maana hizo kubwa huvuja zaidi na watu huzivaa kwa saa chache zaidi.

Ukavu wa pua na koo hupunguzwa na tangi la maji lililo ndani ya mashine, ambalo huipasha hewa joto na kuitia unyevu. Ongeza ngazi mojamoja. Ukiongeza kupita kiasi katika chumba chenye baridi, mvuke hugeuka maji ndani ya mpira na matone hukurukia usoni. Ukishusha ngazi kidogo, ukipitisha mpira chini ya blanketi au ukitumia mpira wenye waya wa kupasha joto, tatizo huisha. Mashine ikae chini ya usawa wa kichwa.

Wengine huamka tumbo limejaa kama ngoma, wakicheua na kutoa upepo asubuhi nzima. Hewa imepita njia ya chakula. Haina hatari kwa kawaida, ila inakera sana na inafukuza watu kwenye tiba. Kulala ubavu na kuinua kichwa husaidia. Isipotosha, presha iangaliwe upya. Baadhi ya mashine hujipandishia presha zenyewe usiku kadiri zinavyohisi koo linasinyaa, na kiwango cha juu kabisa walichowekewa watu hawa kinaweza kupunguzwa.

Kuivua usingizini

Mtu analala saa nne usiku na barakoa yake, anaamka asubuhi na kuikuta sakafuni, mashine bado inanguruma. Hakumbuki kuivua. Si uzembe wala ukaidi. Mwili uliolala huondoa kitu kigeni usoni, na tabia hiyo hupungua kadiri uso unavyozoea na kasoro za kuvuja zinavyorekebishwa. Mashine nyingi zina kengele ya kuashiria barakoa imetoka, na baadhi ya watu huiwasha kwa wiki za mwanzo.

Saa zinazopotea namna hiyo, bahati mbaya, ndizo zenye thamani kubwa. Usingizi wa ndoto huongezeka kuelekea alfajiri, na katika usingizi huo misuli hulegea kuliko wakati mwingine wowote. Kwa wagonjwa wengi ndipo pumzi hukatika kwa muda mrefu zaidi na oksijeni hushuka chini zaidi. Anayevaa mashine kuanzia saa nne hadi saa nane usiku kisha akalala bila hiyo mpaka alfajiri amejilinda sehemu iliyo na nafuu na kujiacha wazi kwenye sehemu mbaya. Ukiamka kwenda msalani, irudishe. Usingizi wa mchana nao unahesabika.

Hapo ndipo napata shida na kile kiwango maarufu cha kuivaa mashine kwa muda wa saa 4 kila usiku, katika asilimia 70 ya usiku wote. Bima ya afya ya wazee nchini Marekani, Medicare, hukitumia kuamua kama itaendelea kulipia mashine. Ni kipimo cha malipo. Mwili hauna mpaka kwenye saa ya nne, na kadiri unavyoivaa zaidi ndivyo kusinzia mchana kunavyopungua. Utafiti mkubwa uitwao SAVE, uliochapishwa mwaka 2016 ukiwa na washiriki 2,717 waliokuwa tayari na maradhi ya moyo au mishipa ya ubongo, haukuona CPAP ikipunguza mishtuko ya moyo wala viharusi. Wengine huutaja kama ushahidi kwamba mashine haina maana. Washiriki wake waliivaa kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, na hata hivyo kusinzia kwao mchana kulipungua na hisia zao zikawa nzuri zaidi. Mimi nausoma kama sababu ya kuwasaidia watu waivae usiku mzima, na pia kama onyo la kutoahidi zaidi ya kinachojulikana: CPAP inatibu usingizi uliokatwakatwa na hushusha shinikizo la damu kidogo, lakini haichukui nafasi ya dawa za presha wala za moyo.

Lini nitajisikia vizuri?

Baadhi huamka siku ya kwanza wakiwa watu wapya. Wengine huchukua wiki, na hao wasijione wana kasoro. Usiku wa mwanzo huja ndoto nyingi na kali, kwa sababu ubongo unalipa deni la usingizi wa ndoto ulionyimwa kwa miaka. Hizo hutulia.

Tazama takwimu za mashine, lakini zitazame kwa wiki. Usiku mmoja mbaya hausemi kitu. Angalia saa ulizoivaa, kiasi cha kuvuja na idadi ya matukio kwa saa, ambayo kwa tiba iliyokaa sawa huwa chini ya 5. Kama idadi inabaki juu na mashine inayaandika matukio hayo kuwa ya njia iliyo wazi, hiyo ndiyo ile apnia ya ubongo niliyoigusa mwanzo. Huibuka kwa baadhi ya watu tiba inapoanza, mara nyingi huisha yenyewe baada ya wiki au miezi michache, na daktari anapaswa kuifuatilia. Kama takwimu ni nzuri na bado unasinzia, usiilaumu mashine kwanza. Huenda unalala saa tano tu, au kuna dawa inayokulegeza, sonona, miguu isiyotulia usiku, au ukosefu wa usingizi wenye tiba yake. Na mpaka kusinzia mchana kutakapoisha, usiendeshe gari ukiwa unapambana na kope.

Usafi hauna mambo mengi: futa mto wa barakoa kila asubuhi, mwaga maji yaliyobaki tangini, osha barakoa, tangi na mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini kila wiki, badilisha kichujio kikichafuka. Maji yaliyotoneshwa ndiyo bora tangini. Yaliyochemshwa hayana vijidudu lakini huacha chokaa. Achana na vifaa vya kusafishia kwa ozoni. Anayenunua mashine iliyotumika achunguze namba yake kwanza, kwani mwaka 2021 kampuni ya Philips iliagiza mamilioni ya mashine zake zirudishwe kwa sababu sponji ya ndani ya kupunguza kelele ilikuwa inamomonyoka.

Yote yakishindikana, CPAP si njia pekee. Kuna kifaa cha meno kinacholisogeza taya la chini mbele, ambacho hufaa zaidi kwa ugonjwa mdogo na wa wastani. Kuna wanaozibwa koo wakilala chali tu, na kulala ubavu huwatosha. Kuna upasuaji, na kuna kifaa kinachopandikizwa mwilini kuamsha mshipa wa fahamu wa ulimi. Kupungua uzito hupunguza matukio, na Desemba 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha tirzepatide, dawa ya kupunguza uzito, kwa watu wazima wenye unene na apnia ya wastani au kali. Ila kabla ya kurudisha mashine, rudi kliniki na barakoa yako mkononi, uivae mbele yao ukiwa umelala na mashine imewashwa, na uwaambie kero inaanza saa ngapi na inasikika wapi. Na anayeacha baada ya kupungua uzito apimwe usingizi tena kwanza, kwa sababu kukoroma kunaweza kwisha wakati pumzi bado inakatika.